Sehemu moja ya mia ya sekunde: Siri ya fainali ya wanawake mtindo wa kifua jijini Paris

WANAWAKE watano waliugusa ukuta wa kidimbwi katika muda usiozidi theluthi moja ya sekunde, lakini watatu pekee ndio waliopanda jukwaani kuvishwa nishani.

Hayo yalijiri jioni ya Julai 29, 2024 katika ukumbi wa La Défense Arena ulioko Nanterre, viungani mwa jiji la Paris, wakati wa fainali ya Olimpiki ya kuogelea mita 100 mtindo wa kifua kwa wanawake.

Tatjana Smith wa Afrika Kusini alitwaa dhahabu kwa muda wa dakika 1:05.28. Tang Qianting wa Uchina alifuata kwa dakika 1:05.54 na kupokea fedha, naye Mona McSharry wa Ireland akanyakua shaba kwa dakika 1:05.59.

Nyuma ya McSharry, ubao wa matokeo ulionyesha jambo lisilo la kawaida. Benedetta Pilato wa Italia na Lilly King wa Marekani walikuwa wameandikiwa muda ule ule mmoja, dakika 1:05.60, na wote wawili wakahesabiwa kuwa wa nne.

Kwa maneno mengine, kilichowatenganisha wawili hao na nishani ya shaba ni sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Mtu akifumba jicho na kulifumbua, muda huo huwa umepita zaidi ya mara kumi.

Mashabiki wengi walitarajia kumwona Pilato, aliyekuwa na umri wa miaka 19, akiangua kilio cha uchungu. Kulia alilia kweli, ila kwa furaha. Mbele ya kamera za runinga ya taifa ya Italia, RAI, alisema kwamba machozi yale yalikuwa ya shangwe, na kwamba siku hiyo ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote maishani mwake.

Kauli hiyo ilizua mjadala mkubwa nchini Italia kuhusu maana ya kushinda na kushindwa. Hata hivyo, ili kuuelewa mjadala wenyewe, ni muhimu kwanza kufahamu mtindo wa kifua ni upi, na ni vipi kipande kidogo hivyo cha muda kinaweza kuamua nani avishwe nishani na nani arudi nyumbani mikono mitupu.

MTINDO MKONGWE NA WA POLEPOLE

Mashindano ya kuogelea yana mitindo minne: mtindo huru, mtindo wa mgongo, mtindo wa kipepeo na mtindo wa kifua. Katika huu wa mwisho, mwogeleaji hulala kifudifudi, mikono yake miwili ikafunguka na kujikusanya kwa pamoja chini ya kifua, nayo miguu ikakunjwa na kurusha teke la nje mithili ya chura.

Mtindo huu ndio wa polepole zaidi kati ya yote minne. Ithibati ilipatikana katika mashindano ya dunia ya Budapest, Hungary, mnamo Julai 2017. Katika kidimbwi kimoja na katika juma moja, Sarah Sjöström wa Uswidi aliweka rekodi ya dunia ya mita 100 mtindo huru ya sekunde 51.71, naye Lilly King akaweka ya mtindo wa kifua ya dakika 1:04.13. Tofauti kati ya rekodi hizo mbili ni zaidi ya sekunde 12.

Chanzo cha upole huo ni maji yenyewe. Kila mwogeleaji anapoikunja miguu ili kujiandaa kwa teke, mapaja na magoti yake huyakinga maji na mwendo wake hupungua ghafla. Kisha teke linapofyatuka, kasi hurejea. Hivyo basi, mtindo wa kifua ni safari ya kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, ilhali mitindo mingine huenda kwa mfululizo zaidi.

Ndiyo maana anayeshinda huwa si lazima yule anayepiga maji kwa nguvu nyingi. Mwenye kujua kunyooka baada ya teke, kichwa kikiwa kati ya mikono na mwili ukiwa umenyooka kama mshale, hufaidi kila chembe ya kasi aliyoipata kabla ya kuipoteza tena. Haraka haraka, walivyosema wahenga, haina baraka, na katika mtindo huu msemo huo una ukweli wa kimaumbile.

Kanuni zake pia ni kali kuliko za mitindo mingine. Mikono sharti isogee kwa wakati mmoja, na miguu vivyo hivyo. Kichwa sharti kitoke juu ya maji katika kila mzunguko wa mkono na teke. Wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza, mikono yote miwili lazima iuguse ukuta kwa pamoja. Mwogeleaji wa mtindo huru anaweza kuurusha mkono mmoja mbele na kuiba ushindi dakika ya mwisho, lakini wa mtindo wa kifua hana nafasi hiyo.

Aidha, baada ya kuruka majini na baada ya kila mgeuko, mwogeleaji anaruhusiwa kuvuta mikono hadi mapajani mara moja tu akiwa chini ya maji, na kupiga teke moja tu la kipepeo kabla ya lile la kawaida. Teke hilo moja lina historia yake. Katika Olimpiki za Athens 2004, Kosuke Kitajima wa Japan alilaumiwa na kambi ya Marekani kuwa alilitumia kinyume cha sheria aliposhinda mita 100. Mwaka uliofuata, shirikisho la kimataifa la kuogelea lilibadilisha kanuni na kuliruhusu.

Kabla ya hapo, kanuni ziliwahi kubadilishwa kwa sababu nyingine. Masaru Furukawa, pia wa Japan, alishinda mita 200 katika Olimpiki za Melbourne 1956 akiwa chini ya maji kwa sehemu kubwa ya safari, kwani huko ukinzani ni mdogo. Baada ya michezo hiyo, waogeleaji walilazimishwa kubaki juu.

SENTIMITA MOJA NA NUSU

Je, sehemu moja ya mia ya sekunde ni umbali gani majini? Hesabu yake si ngumu. Anayemaliza mita 100 kwa dakika 1:05.60 anasafiri kwa wastani wa mita moja na nusu hivi kwa kila sekunde. Katika sehemu moja ya mia ya sekunde, basi, anakwenda takriban sentimita moja na nusu, yaani kiasi cha upana wa kidole.

Kwa hesabu hiyo hiyo, umbali kati ya Smith aliyeshinda dhahabu na wawili walioibuka wa nne ulikuwa kama nusu mita baada ya safari ya mita 100.

Kidole hicho kimoja kinaweza kupotea mahali popote. Kinaweza kupotea juu ya jukwaa la kurukia, iwapo mwogeleaji atachelewa kidogo kuisikia ishara. Kinaweza kupotea chini ya maji ikiwa atainuka mapema au kwa kuchelewa. Kinaweza pia kupotea kwenye mgeuko, pale miguu inapoukosa ukuta kwa pembe inayofaa.

Hata hivyo, mahali pa hatari zaidi ni mwisho. Mwogeleaji akifika karibu na ukuta akiwa katikati ya mzunguko, hulazimika kuchagua moja kati ya mawili: kujinyoosha na kuuacha mwili uteleze hadi uguse, au kuongeza mvuto mmoja mfupi wa mikono. Akijinyoosha mapema mno, kasi humwishia kabla ya ukuta. Akiongeza mvuto usiohitajika, mikono yake huwa bado imekunjwa wenzake wanapogusa.

Uamuzi huo hufanywa bila kufikiri, mapafu yakiwa yamebanwa na misuli ikiwaka moto. Unatokana na maelfu ya marudio mazoezini.

KWA NINI SAA HAIHESABU ZAIDI YA HAPO?

Huenda msomaji akajiuliza: ikiwa mitambo ya kisasa inaweza kupima hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa nini Pilato na King hawakutenganishwa?

Jibu liko Munich, Ujerumani, mwaka wa 1972. Katika fainali ya wanaume ya mita 400 mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Uswidi na Tim McKee wa Marekani walilingana hadi sehemu ya mia ya sekunde. Waamuzi walizama zaidi na kumpa Larsson dhahabu kwa tofauti ya sehemu mbili za elfu.

Baadaye wataalamu walibainisha tatizo. Katika kipindi hicho, mwogeleaji husogea milimita chache tu, ilhali hakuna fundi anayeweza kukijenga kidimbwi cha mita 50 ambacho kila njia yake ina urefu ule ule hadi milimita. Kanuni za kimataifa zenyewe huruhusu urefu kuzidi kwa hadi sentimita tatu. Kumtangaza mshindi kwa tofauti ndogo kuliko kasoro za ukuta ni kuupa ukuta nishani badala ya mwogeleaji.

Tangu marekebisho yaliyofuatia Munich, kipimo cha mwisho ni sehemu ya mia, na wanaolingana hapo hugawana nafasi. Siku moja tu kabla ya fainali ya Smith, katika kidimbwi hicho hicho cha Nanterre, Adam Peaty wa Uingereza na Nic Fink wa Marekani walilingana kwa sekunde 59.05 katika mita 100 mtindo wa kifua kwa wanaume. Wote wawili walipewa fedha, huku Nicolò Martinenghi wa Italia akitwaa dhahabu kwa sekunde 59.03.

Kwa hivyo, lau Pilato na King wangegusa ukuta mapema kwa upana wa kidole kimoja tu, jukwaa la Paris lingekuwa na wanawake watatu waliovaa shaba.

Uhakika huo wa saa ni jambo la juzi. Mbio za wanawake za mtindo wa kifua ziliingia katika Olimpiki mwaka wa 1924, na zilianzia jijini Paris hapo hapo, kwa mita 200. Lucy Morton wa Uingereza alishinda kwa dakika 3:33.2. Siku hizo muda ulichukuliwa na watu wenye saa za kubonyeza na kuandikwa kwa sehemu za tano za sekunde. Iwapo fainali ya 2024 ingepimwa kwa saa hizo, swali la nani anastahili shaba lingebakia machoni mwa waamuzi.

Macho nayo hukosea. Katika Olimpiki za Roma 1960, saa zote za waamuzi zilionyesha kuwa Lance Larson wa Marekani alikuwa mbele katika mita 100 mtindo huru, lakini dhahabu ikapewa John Devitt wa Australia kwa kauli ya waamuzi waliokuwa wakitazama ukuta. Malalamiko yaliyofuata yaliharakisha matumizi ya mabamba ya kielektroniki, ambayo husimamisha saa yanapoguswa na mwogeleaji mwenyewe. Yalitumika katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Mexico City mwaka wa 1968.

Ni mwaka huo huo ambapo wanawake waliogelea mita 100 mtindo wa kifua katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Đurđica Bjedov wa Yugoslavia alishinda kwa dakika 1:15.8, sehemu moja ya kumi mbele ya Galina Prozumenshchikova wa Muungano wa Kisovieti. Tangu mwanzo, basi, mbio hizi zimekuwa za tofauti ndogo.

SMITH ALIJUA UCHUNGU HUO

Aliyeshinda dhahabu jijini Paris anaielewa vyema sehemu moja ya mia ya sekunde. Ilipowadia Olimpiki ya Rio 2016, Tatjana, aliyekuwa akifahamika kwa jina la ukoo wa Schoenmaker kabla ya kuolewa, alikikosa kiwango cha kufuzu kwa kipande hicho hicho cha muda. Michezo hiyo akaitazama kwa mbali.

Hakuuacha mchezo. Chini ya kocha Rocco Meiring katika Chuo Kikuu cha Pretoria, aliendelea kuunoa mtindo wake. Mnamo 2018 alishinda mita 100 na mita 200 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gold Coast, Australia. Mwaka uliofuata alitwaa fedha ya mita 200 katika mashindano ya dunia ya Gwangju, Korea Kusini.

Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyoahirishwa hadi 2021 kwa sababu ya janga la corona, alipata fedha ya mita 100 nyuma ya Lydia Jacoby, msichana wa miaka 17 kutoka jimbo la Alaska nchini Marekani. Siku chache baadaye, Julai 30, aliibuka bingwa wa mita 200 kwa dakika 2:18.95, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuogelea umbali huo chini ya dakika 2:19.

Picha za siku hiyo zilisambaa kote ulimwenguni. Smith aliutazama ubao wa matokeo kwa mshangao, machozi yakamlengalenga, na wapinzani wake wakamvamia kwa kumbatio: Lilly King na Annie Lazor wa Marekani pamoja na mwenzake wa Afrika Kusini, Kaylene Corbett.

Jijini Paris, alikuwa na umri wa miaka 27. Tang, ambaye ni hodari wa kasi ya mwanzo, ndiye aliyekuwa mbele walipogeuka. Smith hakuingiwa na pupa. Alijibana katika nusu ya kwanza, kisha akaanza kuwafikia wenzake mmoja mmoja katika mita 50 za mwisho, hadi akaugusa ukuta wa kwanza.

Siku tatu baadaye, alimaliza wa pili katika mita 200 nyuma ya Kate Douglass wa Marekani, kisha akatangaza kuwa hizo ndizo zilizokuwa mbio zake za mwisho. Aliondoka akiwa na nishani nne za Olimpiki, mbili za dhahabu na mbili za fedha, sawa kwa idadi na Mwafrika Kusini mwenzake, Chad le Clos.

Uzito wa nishani hizo kwa taifa lake ni bayana. Katika Olimpiki ya Tokyo na ile ya Paris, dhahabu pekee ambazo Afrika Kusini ilirejea nazo nyumbani ni hizo mbili zake.

Kabla yake alikuwepo Penny Heyns, aliyeshinda mita 100 na mita 200 mtindo wa kifua katika Olimpiki za Atlanta 1996. Dhahabu za Heyns zilikuwa za kwanza kwa Afrika Kusini tangu 1952, kwani taifa hilo lilikuwa limefungiwa nje ya Michezo kwa miaka mingi kutokana na siasa za ubaguzi wa rangi. Hadi Michezo ya Paris inakamilika, hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa ameshinda mbio zote mbili katika Olimpiki moja. Ilichukua miaka 28 kwa dhahabu ya mita 100 kurudi Afrika.

WALIOKUWA KANDO YAKE

Kila mmoja wa wanawake hao watano alifika kwenye ukuta ule akiwa na mzigo wake.

Tang, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliwasili Paris akipigiwa upatu. Alikuwa bingwa wa dunia, taji alilolitwaa Doha, Qatar, mnamo Februari 2024. Mwezi Aprili mwaka huo alikuwa ameogelea kwa dakika 1:04.39 nchini mwake, muda ambao ni waogeleaji wachache tu waliowahi kuupita, Lilly King akiwa mmoja wao. Lau angeurudia muda huo Nanterre, dhahabu ingekuwa yake. Kwake yeye, fedha ilikuwa nishani yake ya kwanza ya Olimpiki akiwa peke yake kidimbwini, lakini pia ilikuwa dhahabu iliyomponyoka.

McSharry, mwenyeji wa kijiji cha Grange katika kaunti ya Sligo, alikuwa amemaliza wa nane katika fainali ya Tokyo na baada yake akakaribia kuupa mchezo kisogo. Shaba yake ya Paris ilikuwa nishani ya kwanza ya Ireland katika kuogelea tangu 1996. Yeye ndiye aliyesimama upande wa pili wa kile kidole kimoja: kilichomkosesha Pilato ndicho kilichompa yeye.

King alikuwa bingwa wa Rio 2016 na ndiye mwenye rekodi ya dunia. Kwake, nafasi ya nne ilikuwa hatua moja chini ya shaba aliyoipata Tokyo.

Pilato alitoka mbali zaidi. Msichana huyu mzaliwa wa Taranto, kusini mwa Italia, alitwaa fedha ya mita 50 katika mashindano ya dunia ya 2019 akiwa na miaka 14 tu. Mnamo Mei 2021, akiwa na miaka 16, alivunja rekodi ya dunia ya umbali huo kwa sekunde 29.30. Waitaliano walimtazamia makuu alipokwenda Tokyo miezi miwili baadaye.

Huko mambo yalimwendea kombo. Aliondolewa kwa kukiuka kanuni katika mchujo wa mita 100, na Olimpiki yake ikaishia hapo. Ingawa alitawazwa bingwa wa dunia wa mita 100 mnamo 2022, mbio za Olimpiki zilibakia jeraha.

Kwa mtazamo huo, machozi yake ya Paris si kitendawili. Mshindani aliyefukuzwa kidimbwini katika mchujo wa Tokyo alikuwa sasa amefika fainali, akalingana na mwenye rekodi ya dunia, na kuikaribia shaba kwa upana wa kidole. Watazamaji walihesabu kilichomkosa. Yeye alihesabu alikotoka.

MJADALA NCHINI ITALIA

Si wote waliomwelewa. Elisa Di Francisca, bingwa wa zamani wa Olimpiki katika mchezo wa vitara, aliyekuwa mchambuzi kwenye runinga, alieleza kushangazwa kwake na mwanaspoti anayefurahia kukosa nishani. Maneno yake yalikosolewa vikali, na baadaye akaomba radhi.

Hoja yake, hata hivyo, haikuwa ngeni. Katika michezo ya kiwango cha juu kuna wanaoamini kwamba kuridhika na nafasi ya nne ni mwanzo wa kuzembea, na kwamba bingwa hutambulikana kwa kuchukia kushindwa. Wenye msimamo huo husema kuwa fedha za umma hutumika kuwaandaa wanamichezo ili walete nishani, wala si tabasamu.

Waliomtetea Pilato walijibu kwamba mwogeleaji hana mamlaka juu ya mikono ya jirani yake. Anachoweza kukimiliki ni muda wake mwenyewe, na muda huo ukiwa ndio bora aliokuwa nao siku hiyo, hana deni kwa mtu.

Mwishowe mjadala huo ulifika Ikulu. Mnamo Septemba 2024, Rais Sergio Mattarella alipowapokea jijini Roma wanamichezo wa Italia walioshinda nishani, waliomaliza katika nafasi ya nne pia walialikwa. Kwa kawaida sherehe hiyo huwa ya washindi wa nishani.

Historia ya mtindo huu huu inatoa mfano mwingine. Alia Atkinson wa Jamaica alimaliza wa nne katika fainali ya mita 100 ya Olimpiki za London 2012. Miaka miwili baadaye, mnamo Desemba 2014 jijini Doha, alishinda umbali huo katika mashindano ya dunia ya vidimbwi vya mita 25, akasawazisha rekodi ya dunia ya dakika 1:02.36, na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa taji la dunia la kuogelea. Aliyemshinda ni Rūta Meilutytė wa Lithuania, bingwa wa London mwenyewe.

Mnamo Aprili 2025, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha mita 50 mtindo wa kifua kuingizwa katika Michezo ya Los Angeles 2028. Huo ndio umbali uliomtambulisha Pilato ulimwenguni, ingawa rekodi yake ilivunjwa na Meilutytė mwaka wa 2023 kwa sekunde 29.16.

Katika mbio za urefu mmoja wa kidimbwi, hakuna mgeuko wa kurekebisha makosa, na tofauti baina ya waogeleaji huenda zikawa ndogo hata kuliko za Paris. Michezo hiyo itakapoanza, Pilato atakuwa na umri wa miaka 23, sawa na aliokuwa nao Mona McSharry jioni alipougusa ukuta sentimita moja na nusu mbele yake.